Walisema Mwanangu Amelikataa Jina la Mwanamize

Mkono ule niliujua kabla sijaona uso.

Bangili mbili nyembamba za dhahabu. Hina iliyofifia kuchani. Kovu dogo la mafuta ya moto karibu na kidole gumba.

Mkono ukaingia chini ya chandarua. Ukaipapasa khanga ya mtoto. Ukafunua paja...

Ukafinya!

Mwanangu wa siku thelathini na moja akapiga ukelele mpaka sauti ikamkatika.

Nami nilikuwa nimejifungia chooni, simu mkononi, natazama video niliyoirekodi kwa siri alasiri ile ile. Nikairudisha nyuma. Nikaitazama tena. Mara tatu! Namuomba Mungu anioneshe mkono wa mtu mwengine.

Ulikuwa mkono wa mamangu.

Mamangu mzazi, jamani!!

Hebu kaeni vizuri niwaeleze tangu mwanzo, na atakayetaka kunihukumu asubiri nimalize.

Mimi naitwa Swabaha. Mume wangu ni Jamaldin, wakala wa mizigo bandarini. Tunakaa Tudor, hapa Mombasa, kwao ni Kibokoni, Mji wa Kale, na kwetu ni Majengo.

Wengine wenu mnanikumbuka kwa lile swali nililolitupa kwenye kundi letu la akina mama nikiwa na mimba ya miezi minane. "Majina ya bibi zetu yarudi, ama yalale?"

Mlinijibu watu mia tatu na kitu! Wengine mkasema mtoto wa siku hizi ni Inaya, Ayzal, Liyana. Mmoja akaniambia nikimwita mwanangu Mwanatumu atarudi kutoka shule analia kila siku. Nilicheka hadi mtoto akanipiga teke tumboni.

Mimi nilikuwa na majina yangu kumi na manne kwenye simu, na hakuna hata moja ambalo marehemu bibi yangu angeweza kulitamka.

Lakini kwetu mtoto wa kwanza jina hutoka upande wa baba. Ndiyo ada, na mimi si mtu wa kupigana na ada nikiwa bado nina mshono.

Nilikwenda Majengo kwa mamangu kukaa uzazini, siku arobaini, kama mnavyojua. Uji wa pilipili manga, maji ya moto, kukandwa. Siku ya saba mavyaa wangu, Bi Khairiya, mamake Jamaldin, akaja na wanawake wa kwao. Huyu mavyaa, niwaambie ukweli, hakuwa mtu wa maneno mengi nami. Alikuwa akinitazama kama anayetaka kuniuliza kitu, kisha anaacha.

Siku hiyo alikaa karibu yangu, akamchukua mtoto, akamwadhinia... la, adhana aliisoma babu yake. Yeye alimnong'oneza tu. Kisha akainua uso.

"Jina lake Mwanamize."

Mamangu alikuwa anapita na chetezo cha udi.

Kikamtoka mkononi! Makaa yakatawanyika kwenye mkeka, watu wakaruka, mmoja akamwaga maji. Na katika zogo lote lile niliona kitu ambacho sikukielewa... Wale wanawake wazee watatu waliokuja na mavyaa hawakuruka. Walikuwa wameinamisha vichwa, kimya. Mmoja wao midomo yake ilikuwa yatikisika, yuaimba kitu bila sauti.

"Jina gani hilo?" mamangu akauliza. Sauti si yake.

"La zamani," mavyaa akasema. "Mazuri yote yamekufa. Hili nataka lirudi."

"Halitakikani hapa."

"Kwani lina nini, Bi Khatija?"

Mamangu aliokota makaa kwa mkono, moja moja, kama hayamchomi.

Sasa mimi, kwa ujinga wangu, nikalipenda jina! Mwanamize. Lina uzito, halafu mtaa mzima hakuna mwengine. Usiku... nisiseme uongo, ilikuwa jioni hiyo hiyo, nikaweka picha ya mguu wa mtoto kwenye kundi, na jina lake chini. Mkanimiminia pongezi.

Katikati ya pongezi kukaja maneno ya bibi mmoja anayekaa Maskati, mtu nisiyemjua.

"Mwanamize? Wa ule wimbo? Liacheni jina hilo lilale, wanangu."

Nikamuuliza, wimbo upi?

Baada ya dakika kumi, maneno yake hayakuwepo. Ameyafuta.

Nikasikia baridi mgongoni, na Mombasa ile ilikuwa mwezi wa tatu, joto la kukaanga mtu.

Siku ya kumi na mbili ndipo kilio kilipoanza.

Si kilio cha njaa. Mama yeyote anakijua cha njaa. Hiki kilikuwa kinakuja ghafla, mara moja au mbili kwa siku, kila ninapoingia kuoga au kuswali. Narudi mbio, namkuta mtoto amekuwa mwekundu, na mamangu amempakata, anamtikisa polepole.

"Kalia nini, Mama?"

"Jina hilo. Mtoto amelikataa."

Wasiotoka pwani niwaeleze. Wazee wetu husema mtoto akilia bila sababu, akidhoofika, huenda jina alilopewa ni zito kwake. Amelikataa. Basi hubadilishwa, akapewa jengine, akatulia. Mimi mwenyewe nina binamu aliyezaliwa Mashaka akawa Faraja.

Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja. "Badilisheni." "Msishindane na jina." "Mtoto ataondoka huyu!"

Siku ya ishirini nikaona alama pajani. Mbili, za buluu, zimekaa pamoja. Siku ya ishirini na nne zikawa tano.

"Hao ni mashetani wa jina," jirani mmoja akasema, na akatoka bila kuaga.

Nikampeleka mtoto kliniki. Muuguzi pale ni Cynthia, nilisoma naye shule. Akamvua mtoto, akampima. Uzito umeshuka. Akamgeuza chini ya taa.

"Swabaha, nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na Mama."

"Mtu mwingine hashiki mtoto?"

"Hakuna. Kwani ni nini? Ni mbu?"

Cynthia alichukua kidole chake gumba na cha shahada, akavileta karibu na ile alama bila kumgusa mtoto.

Vikaingia sawasawa.

"Mbu hana vidole, my dear," akasema. "Nakupa mpaka arobaini ya mtoto. Usipojua ni nani, mimi nitaandika ripoti, na wakija watu wa idara ya watoto hawataangalia sura ya mtu. Wanaweza kumchukua."

Wanaweza kumchukua... Maneno hayo nilirudi nayo hadi Majengo, nimemkumbatia mwanangu mpaka akaanza kuhema.

Ndiyo sababu nikaitegesha simu nyuma ya mtungi. Ndiyo sababu mkanikuta chooni.

Nikatoka. Mamangu alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo. Nikaiweka simu juu ya mchele, nikabonyeza.

Akatazama mpaka mwisho. Hakukana. Ningetamani angekana!

"Nalitaka jina litolewe," akasema. "Sikutaka mtoto aumie."

"Unamfinya mtoto mchanga mpaka anakuwa buluu, halafu hutaki aumie?!"

"Nyamaza, majirani..."

"Wacha wasikie!"

"Swabaha." Akashika ungo kwa mikono miwili. "Jina hilo ni langu."

Nikadhani amerukwa na akili.

"Mimi sikuzaliwa Khatija. Babangu alinipa Khatija nikiwa na miaka kumi na tisa, siku tuliyohama Kibokoni. Kabla ya hapo mimi nalikuwa Mwanamize."

Nikakaa chini kwenye sakafu.

Mambo mengine yalianza kujipanga yenyewe kichwani. Mamangu hakuwa akienda Mji wa Kale. Kamwe! Tangu tukiwa watoto. Sokoni Marikiti alikuwa akiishia upande wa barabara, akitaka kitu cha ndani hututuma sisi. Alisema vichochoro vile vinamtia kizunguzungu. Harusi yangu ilipofanywa kwa kina Jamaldin alijifanya ana homa, na mimi nilimlilia siku nzima.

Akanieleza.

Alikuwa ameposwa. Chano kimeshaletwa, chano chenyewe cha mbao kilichojaa leso, dhahabu, udi na marashi, kimewekwa kwao watu wanakuja kukitazama. Alikuwa mzuri, na alikuwa anaringa, hilo alisema mwenyewe. Alikuwa mwimbaji wa kikundi kimoja cha lelemama, ngoma ya wanawake, na kikundi cha pili kilikuwa na msichana mmoja aliyekuwa hapendi kushindwa.

Ijumaa moja, kwenye harusi ya watu wengine, kikundi kile cha pili kikapita kichochoroni na pembe za nyati, kinapiga vugo, ngoma ya harusi, kina wimbo mpya. Kilipofika mlangoni kwao kikasimama.

*Mwanamize wangojani, mume kesha potelea,*
*Chano chako ki njiani, kwa wenyewe charejea.*

"Jumatatu wakaja kukichukua chano chao," mamangu akasema. "Mji mzima ukaimba. Watoto waliokuwa wakienda madrasa waliimba. Nikipita dukani muuzaji anagonga mizani kwa ule mdundo. Swabaha, miaka kumi na miwili haikuja posa nyengine. Na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa Mji wa Kale aliyeitwa jina lile, nenda kaulize!"

"Na huyo msichana..."

"Ndiye mavyaa wako."

Ooh! Jamani, yule yule aliyemnong'oneza mwanangu!

"Nalimjua siku ya posa yako, alipovua buibui tu. Nikanyamaza kwa kuwa wewe wampenda mwanawe. Nikajiambia hanijui, nimenenepa, nimezeeka, nina jina jengine. Kumbe ananijua! Amelileta jina lile kunimaliza. Siku ya arobaini atapiga pembe, na safari hii wimbo utamrukia mwanao. Bora alie wiki tatu kuliko kulia maisha."

Nilikuwa nimemchukia, nimemhurumia, na ninataka kumnyang'anya mtoto nikimbie, vyote kwa pamoja. Mtoto nilimhamishia kifuani kwangu na kuanzia saa hiyo hakushikwa na mtu mwengine. Nilioga naye. Niliswali naye mbele ya msala.

Jamaldin sikumwambia. Ningemwambia nini? Mamako alimwimba mamangu, na mamangu anamfinya mwanao?

Jioni ile ile akanipigia simu.

"Mama asema arobaini itafanywa kwetu, Kibokoni."

"Kwa nini isiwe hapa?"

"Amekazana. Ameshaalika kina mama wote wa zamani wa mtaa. Na sikiliza ajabu hii... amenituma nikamtafutie pembe za vugo. Pembe! Tangu nizaliwe sijamuona mamangu akipiga vugo."

Nikakata simu.

Mngefanya nini nyinyi? Nisipokwenda, mtoto hatolewi nje na kwao kila mtu atauliza kwa nini. Nikibadilisha jina kabla, mavyaa ameshinda bila kupiga pembe. Nikienda, mwanangu ataingia mjini akiwa na wimbo wa matusi shingoni, akiwa na siku arobaini duniani.

Nikaamua kwenda. Nilijiapiza kwamba pembe ya kwanza ikilia, nanyanyuka na mwanangu, siangalii nyuma, ndoa ivunjike ikitaka.

Kilichonishangaza ni mamangu. Siku ilipofika alivaa, akajifukiza, akasimama mlangoni.

"Naja," akasema. "Sitakuacha uimbwe peke yako."

Tukaingia Kibokoni saa tisa mchana. Miaka arobaini na moja mamangu hajapakanyaga! Alikuwa anatembea ameshika ukuta, kichochoro kizima, nikasikia bangili zake zinagonga mawe. Kwenye baraza moja wazee wa kike wawili walinyamaza tulipopita.

Juu ghorofani palijaa. Biriani, udi, watoto, kelele. Tulipoingia kelele zikafa. Mavyaa alikuwa amekaa katikati ya mkeka, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, pembe mbili na vijiti vyake.

Hakutusalimu. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, kisha akamtazama mamangu kwa muda mrefu.

Akachukua pembe.

Ko! Ko-ko! Ko!

Mdundo ule sikuwahi kuusikia maishani, lakini niliujua. Wazee wote wakaangalia chini. Kucha za mamangu zikaingia kwenye kiganja changu.

Nikainuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mtoto begani, kiatu kimoja mguuni, mavyaa alipoanza ubeti wa kwanza.

*Mwanamize wangojani...*

Sauti ikamkatika hapo.

Akajaribu tena. Ikakataa. Akaweka pembe chini.

"Wimbo huu niliutunga mimi," akasema. "Mlioko hapa mwaujua, mliitikia. Leo nawaambia mlichokuwa hamkijui."



"Chano hakikuwa kimerudi."

Mamangu akainua kichwa.

"Bwana harusi alifiwa na ami yake. Walituma mtu kusema harusi isogezwe mwezi mmoja, basi. Mimi nalisikia kuwa imesogezwa, nikatunga kuwa imevunjika. Nalitaka kushinda. Tukaimba Ijumaa. Watu wa bwana harusi walipousikia, wakaona aibu, wakasema msichana anayeimbwa mji mzima hawezi kuwa mke wa mtoto wao. Wakaja Jumatatu. Chano kilirudi kwa sababu ya wimbo. Hakikurudi kabla."

Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia pembeni.

"Nalimjua siku ya posa," mavyaa akaendelea, "alipocheka. Hakuna mwengine acheka vile. Ulimi ukawa mzito. Kila nikitaka kumwambia nashindwa. Nikaona jina lake nililiua mimi, basi nilirejeshe mimi, kwa mjukuu wetu. Na leo nipige pembe ile ile, nilisafishe mbele ya wale wale."

Nami mlangoni machozi yananitoka, nikadhani sasa watakumbatiana, mambo yaishe. Si ndivyo hadithi zinavyokwisha?

Mamangu hakukumbatia mtu. Alisimama.

"Khairiya. Uliimba bila kuniuliza. Na sasa umelirudisha jina langu bila kuniuliza. Mlango wangu wa Majengo wakaa wazi mchana kutwa. Ungekuja ukasema 'niwie radhi', maneno mawili, yangetosha."

Mavyaa akafunika uso kwa ncha ya leso.

"Na mie," mamangu akasema, na nikajua anachotaka kusema, nikatikisa kichwa, Mama usiseme, Mama usiseme!! "Na mie kwa kukuogopa wewe nimemfinya mjukuu wangu. Wiki tatu. Mtoto hakulikataa jina. Mimi ndiye niliyekuwa namliza. Mulijue hilo nyote, msije mukamlaumu Swabaha."



Angeweza kunyamaza. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa amedhulumiwa, kila mtu alikuwa upande wake, na hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa mimi na simu yangu. Akajivua nguo mwenyewe, mbele ya mtaa uliomvua mara ya kwanza.

Mavyaa akatambaa kwenye mkeka mpaka miguuni pake. "Niwie radhi, Mwanamize."

"Sijui," mamangu akasema. "Bado sijui. Lakini nimekusikia."

Wakanigeukia mimi. Jina libaki, ama litolewe?

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amelala, mdomo wazi, hana habari na vita vyetu.

"Libaki," nikasema. "Lakini mwenyewe aliridhie kwanza."

Mamangu alifikiri. Kisha akasema, "Libaki. Na langu pia nirudishieni. Khatija nimechoka naye."

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Cynthia nilimpelekea mtoto na nikamweleza yote. Ameandika anachopaswa kuandika, na kila wiki tunakwenda kupima. Uzito umepanda. Jamaldin alijua kabla sijashuka ngazi, mji huu hauna siri. Wiki mbili hakuzungumza na mamake wala na mamangu. Sasa anawasalimia.

Na lile swali langu, jibu ninalo. Majina ya bibi zetu yarudi, ni mazuri. Lakini ukiona jina zuri limelala mji mzima na hakuna anayelitaka, uliza kwanza nani alililaza, na kama mwenyewe yu hai, nenda kamuombe yeye. Na wewe uliyemkosea mtu, zawadi zako kaa nazo kwanza. Mwambie niwie radhi.

Leo asubuhi mamangu alikuja Tudor. Akasimama mlangoni, kama anavyofanya siku hizi, anangoja nimkaribishe.

"Somo!" akaita, kama waitanavyo watu wenye jina moja.

Na mtoto, ambaye hata mimi nikimwita hageuki, aligeuza kichwa akatabasamu. Mamangu akalia. Akanyoosha mikono.

Nikampa ampakate. Nilikaa karibu yao, nikacheka nao, nikawapiga picha.

Lakini ile video bado sijaifuta, na muda wote ule nilikuwa natazama vidole vyake.